Stesheni inayoliza vijana wa Indonesia

Kuna stesheni ya garimoshi ambayo jina lake likitajwa tu katika wimbo, vijana wa kike na wa kiume hushikana mabega wakalia. Si kwamba palitokea ajali hapo, wala si kaburi la shujaa. Ni stesheni ya kawaida, yenye wachuuzi, mizigo na abiria wanaotazama saa. Inaitwa Balapan, nayo iko mjini Solo, katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia.

Ukitaka kujua jinsi nchi hiyo ya visiwa zaidi ya 17,000 na watu zaidi ya milioni 270 ilivyojijengea burudani yake, na jinsi simu ya mkononi ilivyoigeuza burudani hiyo, usikimbilie fuo za Bali wanakopelekwa watalii. Fuatana nami hadi Solo.

Safari tutaianzia Gambir, stesheni kubwa iliyo katikati ya mji mkuu wa Jakarta. Ukitega sikio hapo utadhani hukutoka mbali na nyumbani. Bendera kwao ni bendera. Dunia ni dunia. Meza ni meja, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas na habari ni kabar. Maneno hayo yaliwafikia kwa njia ileile yaliyotufikia sisi, kwa merikebu za Waarabu na za Wareno.

Aidha, lugha yao ya taifa ina historia inayoshabihiana na ya Kiswahili. Ilikuwa Kimalei cha bandarini na sokoni, lugha ya kuuziana na kuelewana baina ya makabila mengi. Mnamo Oktoba 1928, vijana waliokutana Jakarta, ambayo wakati huo iliitwa Batavia, walikula kiapo cha nchi moja, taifa moja na lugha moja ya kuwaunganisha, Kiindonesia. Lakini Kijava, lugha ya kabila lililo kubwa kuliko yote, hakikufa. Kilibaki jikoni, mashambani na katika ngoma za usiku. Liweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Mlango mmoja

Garimoshi linapoacha maghorofa na kuingia katika mashamba ya mpunga, acha nikusimulie mambo ya zamani kidogo, kwani mwendo ni wa saa saba hivi.

Runinga ilifika Indonesia mnamo Agosti 1962, Jakarta ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Asia. Kwa miaka 27 stesheni ilikuwa moja tu, TVRI, mali ya serikali. Mwaka 1976 serikali ikarusha angani setilaiti yake, Palapa, mojawapo ya zile za kwanza kumilikiwa na nchi zinazoendelea, ili picha za Jakarta zifike visiwani kote. Wazazi wanaokumbuka enzi za VOK hapa kwetu hawahitaji maelezo. Kilichowapendeza wakubwa ndicho ulichotazama.

Mtu mmoja aliyeonja ukali wa hali hiyo ni Rhoma Irama, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1946, ambaye mashabiki humwita mfalme wa dangdut. Jina la muziki huo linatokana na mlio wa ngoma yake: dang, kisha dut. Ndani yake mna uimbaji wa Kimalei, mahadhi ya sinema za Kihindi, ladha ya Kiarabu na gitaa la umeme. Ukiusikia kwa mara ya kwanza utadhani ni binamu wa taarabu, na hutakuwa umekosea sana. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi, na wenzake wa Jakarta wakafanya vivyo hivyo kwa lugha yao. Hata gambusi wanayo, huiita gambus. Ilipendwa sana na Wahadhrami waliohamia Java kutoka Yemen, ambao ndugu zao wengine walitia nanga Lamu na Mombasa.

Mnamo 1977 Rhoma alikipigia debe chama kilichoshindana na kile cha serikali. TVRI ikamfungia mlango kwa takriban miaka 11. Je, alisahaulika? La hasha! Kaseti zake ziliendelea kuuzwa sokoni, na filamu alizoigiza zikajaza kumbi. Mlango ulipofungwa, sauti ilipita dirishani.

Stesheni ya kwanza ya kibinafsi, RCTI, ilianza mwaka 1989 mikononi mwa kampuni ya mwana wa Rais Suharto. Nyingine zikafuata, na pamoja nazo ikaja michezo ya kuigiza ya mfululizo ambayo wenyeji huiita sinetron. Mmojawapo ulioshika nyoyo za watu ulianza 1994, Si Doel Anak Sekolahan. Doel ni kijana wa Kibetawi, yaani wenyeji asilia wa Jakarta. Anasomea uhandisi huku familia yake ikitegemea gari kuukuu la abiria, ambalo sisi tungeliita matatu bila kufikiri mara mbili. Shahada anaipata, kazi haionekani. Ni mtaa gani wa Nairobi usio na Doel wake? Mwigizaji wake, Rano Karno, baadaye aliingia katika siasa, na mwaka 2025 akaapishwa kuwa naibu gavana wa Jakarta.

Hata hivyo, milango hiyo mipya nayo ilikuwa Jakarta. Mtu wa mkoani aliyetaka kuonekana ilimbidi asafiri hadi mjini, aseme kimjini na avae kimjini. Muziki wa watu wa chini ulitupiwa neno moja la dharau, kampungan, yaani mambo ya kishamba.

Mwimbaji wa njiani

Naam, tumewasili. Teremsha mzigo wako. Stesheni hii imekuwapo tangu karne ya 19, wakati wa utawala wa Waholanzi, na jina lake lina maana ya mashindano ya mbio, kwani zamani mahali hapa palikuwa na uwanja wa mbio za farasi. Nje utakuta mji wenye makasri mawili ya kifalme, maduka ya vitambaa vya batiki, na waimbaji wanaopita na gitaa kutoka kibanda hadi kibanda wakitafuta sarafu.

Mmoja wa waimbaji wa aina hiyo alikuwa mtoto wa hapahapa Solo, aliyezaliwa siku ya mwisho ya mwaka 1966. Baba yake alikuwa mchekeshaji wa jukwaani. Kijana aliimba njiani hapa Solo, kisha akaenda kujaribu bahati Jakarta, ambako pia aliishia njiani. Yeye na wenzake wakajiita kundi la waimbaji wa kando ya barabara, na kutokana na maneno hayo ya Kiindonesia yakakatwakatwa herufi hadi likapatikana neno Kempot. Ndivyo alivyopata jina lake, Didi Kempot.

Didi aliimba kwa Kijava. Wimbo wake Cidro, aliourekodi mwaka 1989, haukuvuma kwanza Jakarta. Ulivuma Suriname, Amerika Kusini! Huko wanaishi wajukuu wa Wajava waliosafirishwa na Waholanzi kuanzia mwaka 1890 kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa. Watu waliotenganishwa na kwao kwa bahari nzima walimtambua kabla ya wakubwa wa runinga kumtambua.

Mwaka 1999 akatoa wimbo kuhusu stesheni hii. Kisa chake ni chepesi. Mwanamume anamsindikiza mpenziwe hadi Balapan. Mwanamke anaahidi kwamba hatakawia. Garimoshi linaondoka, na siku zinapita bila yeye kurudi. Ni hayo tu. Lakini nani hajawahi kumsindikiza mtu kituoni, akarudi nyumbani peke yake?

Watu wazima waliupenda sana. Kisha miaka ikasonga, mitindo ikabadilika, na ikaonekana kana kwamba Didi amebaki kuwa mwimbaji wa harusi za watu wa makamo.

Dirisha la mfukoni

Wakati huo huo, dirisha lilikuwa likipanuka. Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa Pasuruan, mashariki mwa Java, Inul Daratista, alitikisa nchi nzima. Alikuwa akiimba dangdut kwenye sherehe za vijijini huku akizungusha kiuno kwa kasi ya keekee ya fundi seremala. Kuna waliomrekodi, na diski za picha zake zikauzwa kimagendo sokoni hadi Jakarta ikamjua bila kumwalika. Rhoma Irama, yuleyule aliyefungiwa mlango zamani, sasa ndiye aliyesimama mlangoni kumkemea. Umati ukamshangilia Inul hata hivyo.

Diski zikapisha intaneti. Mwaka 2010 wasichana wawili wanafunzi wa Bandung walijirekodi chumbani wakifuatisha kwa midomo wimbo wa dangdut, wakaweka picha hizo YouTube, na mara wakawa gumzo la taifa. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya askari polisi kijana wa Gorontalo, katika kisiwa cha Sulawesi, aliyerekodiwa akiwa zamu na sare yake, akicheza na kufuatisha wimbo wa sinema ya Kihindi. Nchi ilimpenda. Alialikwa katika kila kipindi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameachishwa kazi ya polisi. Sifa zilipopoa, alionekana Jakarta akiuza uji wa wali. Kuuza uji si aibu, ni jasho halali. Lakini kijana anayetaka kuacha masomo kwa sababu video yake moja imependwa, na akisome kisa hiki mara mbili.

Sasa turudi kwa Didi Kempot. Mwaka 2019 vijana wa Solo, wengi wao waliozaliwa baada ya Cidro kurekodiwa, walikwenda kumtazama bustanini. Waliimba kila neno. Walilia. Mtu akawarekodi wakilia, na picha hizo zikaenea nchini kama moto nyikani. Baada ya majuma machache alifanyiwa mahojiano mbele ya umati humu humu Solo, yakawekwa YouTube, na mambo hayakuwa tena kama awali. Vijana wakajipa jina, Sobat Ambyar, yaani marafiki waliovunjika vipande vipande, na yeye wakamwita mlezi wa waliovunjika moyo.

Jambo la kustaajabisha ni hili. Hakubadilisha muziki wake ili awapendeze vijana. Hakuacha Kijava. Wao ndio waliorudi kuitafuta lugha ya bibi zao, kwa sababu ndani yake walikuta maneno ya uchungu ambayo lugha ya shuleni haikuwapa.

Mnamo Aprili 2020, corona ilipofungia watu majumbani, aliimba nyumbani kwake mbele ya kamera ya runinga kuchangisha fedha za waathiriwa. Zilipatikana zaidi ya rupia bilioni 7. Majuma machache baadaye, tarehe 5 Mei, alifariki ghafla hapa Solo akiwa na umri wa miaka 53. Aliyefufuka kwa simu hakumaliza hata mwaka mmoja wa kuonja matunda yake.

Lori la akina mama

Kutoka Balapan, panda garimoshi la wafanyakazi hadi Yogyakarta. Ni mwendo mfupi, na huku nako kuna la kuona.

Usiku ukiingia, tafuta mahali panapochezwa wayang kulit, sanaa ya vivuli iliyoorodheshwa na UNESCO miongoni mwa turathi za dunia. Mtu mmoja, dalang, huketi mbele ya kitambaa cheupe chenye taa, akichezesha sanamu za ngozi na kutoa sauti za wote, wafalme kwa watumwa, tangu usiku hadi alfajiri. Ungedhani kitu kirefu namna hiyo hakiwezi kamwe kuishi katika zama za video za dakika moja. Lakini Ki Seno Nugroho, dalang wa hapa Yogyakarta aliyefariki Novemba 2020, alirusha maonyesho yake moja kwa moja kwenye YouTube na kupata wafuasi tele. Waliomtazama walimsubiri hasa Bagong, mtumishi mchekeshaji anayewaambia wakubwa ukweli kwa lugha ya sokoni.

Tarehe 17 Agosti 2020, siku ya kuadhimisha uhuru, kikundi cha vijana wa hapa kiliweka YouTube filamu fupi waliyoitengeneza mwaka 2018 kwa fedha za idara ya utamaduni ya mkoa. Inaitwa Tilik, maana yake kwenda kumjulia hali mtu. Akina mama wa kijijini wamepanda nyuma ya lori, wamesimama wakishikilia vyuma, wanakwenda mjini kumwona mkuu wa kijiji aliyelazwa hospitalini. Njia nzima wanamsengenya msichana mmoja. Bi Tejo, bingwa wa umbeya, ana ushahidi wote katika simu yake. Yu Ning anamtetea msichana na kuonya kwamba si kila kilicho mtandaoni ni kweli. Polisi anapowasimamisha kwa kosa la kubebwa na lori, wanamgeukia kwa ukali hadi yeye mwenyewe anasalimu amri.

Hakuna bunduki, hakuna jumba la kifahari, na lugha ni Kijava kitupu chenye tafsiri chini ya picha. Watu wakaitazama kwa mamilioni katika majuma machache. Mwisho wake una kitendawili ambacho sitakutegulia. Ila ukiwa umewahi kusafiri na akina mama wa chama kwenda kumwona mgonjwa, Bi Tejo unamfahamu. Pengine hata mmeketi kiti kimoja.

Chema na kibaya

Miaka miwili baadaye, tarehe iyo hiyo ya 17 Agosti, Kijava kiliingia ikulu. Rais wa wakati huo, Joko Widodo, ni mzaliwa wa Solo. Katika sherehe za uhuru za 2022 mvulana wa miaka 12 kutoka Banyuwangi, aliyewahi kuimba njiani pamoja na baba yake, aliimba wimbo wa Kijava mbele ya wageni wa heshima. Mawaziri waliovaa mavazi ya sherehe waliinuka na kucheza.

Mwaka 2025 ikawa zamu ya kisiwa kingine. Vuka bahari hadi Sumatra, mkoa wa Riau, kwenye Mto Kuantan. Huko hufanyika pacu jalur, mashindano ya mitumbwi mirefu inayovutwa na makumi ya wapiga makasia, ambayo zamani Waholanzi waliyafanya kumwadhimisha malkia wao na leo huambatana na sherehe za uhuru. Ukipenda, yafikirie mashindano ya mashua ya Lamu, ila juu ya maji ya mto. Mvulana wa miaka 11, aliyesimama kwenye omo ya mtumbwi uliokuwa kasini, alicheza kwa mikono polepole, bila wasiwasi. Video yake ikazunguka dunia, na wachezaji kandanda wa Ulaya wakamwiga. Mkoa ukamfanya balozi wake wa utalii.

Sinema nazo zimenufaika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 filamu za Kiindonesia zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2022 filamu ya kutisha, KKN di Desa Penari, iliyotokana na kisa kilichosimuliwa kwenye Twitter mwaka 2019, iliuza tikiti karibu milioni 10. Mwaka 2024 wachekeshaji wanne waliokuwa na kipindi chao mtandaoni waliingiza watu zaidi ya milioni 9 kutazama Agak Laen. Na mwaka 2025 filamu ya katuni ya watoto, Jumbo, ilivuka milioni 10.

Usidhani, msomaji, kwamba dirisha hili huingiza hewa safi pekee. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni vyote viwili vinajitembeza, tena mlango kwa mlango. Umbeya wa Bi Tejo husafiri kwa kasi ileile ya wimbo wa Didi. Mtoto anayeimba ikulu anapendeza, lakini mtoto anayegeuzwa kitega uchumi cha familia ni jambo jingine. Waindonesia wenyewe wameliona hilo. Mwezi Machi 2025 serikali yao ilitoa kanuni za kuwalinda watoto mtandaoni, ikiwataka wenye mitandao wazingatie umri wa mtumiaji.

Lakini kanuni haiwezi kumwambia mtoto wimbo upi ni wake. Wale vijana wa Solo waliweza kumlilia Didi Kempot kwa sababu moja tu: kuna mtu aliyesema nao Kijava jikoni walipokuwa wadogo. Wangekosa hilo, video ingewapita kama zinavyopita nyingine elfu kwa siku.

Basi Jumapili ya leo, mkisha kula, mwombe mwanao akuonyeshe anachokitazama katika simu. Tazameni pamoja. Kisha nawe mwonyeshe wimbo uliokuwa ukiimbwa kijijini kwenu, kwa lugha uliyoimbiwa wewe. Akikuuliza neno fulani lina maana gani, usimwambie kwamba ni mambo ya zamani. Mweleze.